Punje ya Maharagi Mgongoni

Mama alipofariki, mimi ndiye niliyeachiwa maharagi yake. Magunia manne na kipande yalikuwa bado chini ya meza yake katika soko la Butembo, na mtu alipaswa kuyamaliza kabla wadudu hawajayawahi. Nilifungua gunia la kwanza na ile harufu ikanipanda puani, vumbi kavu na udongo wa Musienene yalikolimwa, na mimi, mtu mzima mwenye watoto wa kwenda shule, nikakaa chini nikalia mbele ya wateja bila haya. Harufu haina adabu. Ilinirudisha moja kwa moja kwenye mwaka ule nilipovishwa masikio, na tangu hapo sijaweza kuandika kitu kingine kabla ya hiki.

Nilikuwa na miaka minane hivi. Masikio yangu yalikuwa yameharibika nikiwa mdogo zaidi, baada ya homa kali na kwinini nyingi, hadithi ambayo wenzangu wa umri huu mnaijua, maana karibu kila mtaa ulikuwa na mtoto wake wa kwinini. Sikuwa kiziwi kabisa. Mtu akinikaribia na kupaza sauti nilimsikia kama anayeongea chini ya blanketi, na yaliyobaki niliyasoma midomoni. Jina langu, Masika, nilikuwa nimelisikia kwa mama tu, akiwa ameniinamia, pumzi yake ikinitekenya. Kwa hiyo nilijua kwamba jina hilo ni langu, na kwamba yeye ndiye analo.

Sokoni hakuweza kuniinamia kila mara. Kulikuwa na wateja, kulikuwa na kopo la kupimia, kulikuwa na wadogo zangu wawili wa kiume waliopenda kulala juu ya magunia ya watu. Basi alikuwa akichukua punje moja ya maharagi na kunirushia mgongoni. Hakuwahi kukosa shabaha. Punje moja ilimaanisha njoo. Mbili, njoo haraka. Konzi nzima ilimaanisha kwamba nimeshaharibu na nianze kutafuta maneno ya kujitetea. Popote nilipokuwa nikicheza kati ya meza, punje ilinifikia, na sikumbuki hata siku moja nilipojiona mtoto mwenye kasoro.

Baba alikuwa dereva wa lori, akipakia Butembo na kushusha Beni na Mbau, na sisi tulimwona alipopita. Yeye ndiye aliyeleta habari kwamba Beni kumekuja mtaalamu wa masikio kwa siku chache. Tulikwenda mara mbili, mimi na mama tumebanana mbele karibu na baba. Safari ya kwanza nilijazwa uji wa baridi masikioni ili wachukue umbo lake. Safari ya pili nilivishwa vile vifaa, kimoja nyuma ya kila sikio, rangi ya mchanga, na betri ndogo kama kifungo cha shati. Mtaalamu alikuwa kijana mpole. Alimuuliza mama jina langu, nikaona midomo ya mama ikisema Masika, nikamwona kijana akiliandika kwenye karatasi, halafu kwenye kisanduku, halafu kwenye daftari kubwa lililokuwa wazi mezani, ambapo kila aliyepita angeweza kulisoma. Daftari lile lilinikaa moyoni.

Kabla hatujaondoka alimpa mama onyo. Mtoto asiguswe tena bega wala kuvutwa nguo; aitwe kwa mdomo tu, hata mara kumi, ili masikio yajizoeze. Mama alikuwa mtu wa kutii. Aliitikia kwa kichwa, na mimi sikujua kwamba kwa kile kichwa punje zangu zilikuwa zimekwisha.

Njiani kurudi nilidhani lori linakufa. Kitu kilikuwa kikisaga, kingine kikipiga, kingine kikilia chini ya miguu yetu, na baba alikuwa akitabasamu tu. Nilimshika mkono kumwonya. Alidhani namshukuru, akanipigapiga goti. Nikikumbuka sasa nacheka, lakini siku ile nilisafiri kilomita zote zile nikingoja tuanguke bondeni, na nilimshangaa mama aliyekuwa amesinzia.

Nyumbani hakukuwa na nafuu. Nilikuwa nikijua kwamba watu wana sauti, lakini hakuna aliyeniambia kwamba vitu navyo vina sauti. Bugali ulipokorogwa ulitoa pumzi. Nguo yangu ya shule ilinikwaruza masikioni kila nilipoinua mkono. Mate yangu yalipita kooni kwa kishindo, na kwa siku nzima nilijaribu kutomeza. Nikifunga kitambaa kichwani, vifaa vilipiga filimbi kali, na wadogo zangu wakakimbia wakicheka. Mchana mmoja nilisikia mtu akitembea juu ya bati, tak, tak, nikamuuliza mama ni nani. Alisema hakuna mtu, ni jua tu, bati linapata moto. Jua lina sauti? Nilitoka nje nikaliangalia mpaka macho yakatoa machozi, na sikuelewa. Nilipomwomba anivue vile vitu alinijibu kwamba sikio halizidi kichwa, na hapo ndipo mazungumzo yalipoishia.

Lakini yote hayo ni kama si kitu mbele ya soko.

Ninyi mliozaliwa kwetu mtaanza kucheka sasa, kwa sababu mnajua ambalo mimi sikujua: kwa Wanande, majina huja na zamu ya kuzaliwa, na binti wa kwanza ni Masika. Nusu ya nyumba za Butembo zina Masika wao. Hakuna aliyenieleza, kwani nani humweleza mtoto kwamba maji yanalowesha? Nilifika sokoni asubuhi ya Jumatatu na masikio yangu mapya, na kabla mama hajafungua gunia nikasikia, wazi kabisa kutoka upande wa mawese, Masika. Niligeuka. Nikasikia tena kutoka kwenye viazi. Nikageuka huko. Motari aliyesimama barabarani akingoja abiria wa pikipiki yake alisema Masika. Mwanamke mwenye beseni la samaki wakavu alisema Masika, na mwingine alimwita mama kwa jina langu, Mama Masika, kana kwamba nilikuwa nimempa ruhusa.

Nilikuwa mtoto mwenye heshima. Nikiitwa, naenda. Nilikwenda kwa mama wa mawese, akanitazama, akatikisa kichwa: haiko weye. Nilikwenda kwenye viazi: haiko weye. Mwenye samaki alinifukuza kwa kitambaa cha nzi, akidhani namchezea. Kufikia saa sita nilikuwa nimeambiwa si mimi mara nyingi mpaka nikaanza kuamini. Juu ya majina hayo kulikuwa na pikipiki, redio tatu, na wale mafundi wanaonyoosha mabati ya mbabula, yale majiko ya makaa, kwa nyundo, na vifaa vyangu havikuchagua, vilinimwagia yote kwa kipimo kimoja. Kichwa kiliniuma. Nilirudi chini ya meza ya mama, nikageuzia soko mgongo, nikangoja punje. Haikuja.

Nilifikiri sana mle chini ya meza, na nilichokipata kilikuwa na akili kuliko mnavyodhani. Zamani jina langu lilikuwa kwa mama peke yake. Mama alilitoa Beni, mbele yangu, na likaandikwa kwenye daftari lililo wazi. Sasa kila mtu analo. Kwa hiyo mama amelibadilisha: ametoa jina, amepewa mashine. Yeye si mfanyabiashara? Na kwa kuwa jina halikuwa langu tena, basi nami sikuwa wake kama zamani, ndiyo maana punje zimekoma. Sikumkasirikia. Niliogopa tu, woga wa mtoto anayeona watu wazima wameshakubaliana jambo.

Nikaamua kwamba sitageuka tena kwa jina hilo. Atakayenitaka kweli atanirushia haragi.

Shuleni mwalimu wetu alikuwa mgeni, ametumwa na serikali kutoka mbali, upande wa Kinshasa huko, na Kiswahili chake kilikuwa na Kilingala kingi. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na watoto hamsini na kitu katika chumba kimoja, na dirisha letu lilitazama karakana nyingine ya mbabula. Alikuwa amemwambia mama mapema kwamba nikishindwa kusikia hata na vifaa, itabidi nipelekwe shule ya watoto viziwi kule Beni, ya kulala hukohuko. Wakati ule barabara ya Beni, kwa hatari zake, haikuwa barabara ya kumpeleka mtoto na kurudi ukiimba. Mama alikuwa amepewa mwezi mmoja wa kungoja, na mwezi ule nilimwona akifunga na kusali zaidi ya kawaida bila kujua kwa nini.

Siku ya kunijaribu hakunionya. Tulikuwa tukinakili ubaoni, naye akasimama nyuma ya darasa, akaita Masika. Nilimsikia. Nilimsikia vizuri kupita nilivyowahi kumsikia, juu ya nyundo zote zile. Akaita mara ya pili, na ya tatu. Niliona wasichana watatu wakigeuka, akina Masika wenzangu, na nilijisikia fahari kwamba mimi sikunaswa. Niliendelea kunakili, tena kwa mwandiko mzuri.

Jioni mama aliitwa, nikasimama kando yake nikiangalia midomo na kusikia kwa wakati mmoja, jambo ambalo bado lilinichanganya, kwa sababu sauti na midomo havikuwa vinafika pamoja kichwani mwangu.

"Mama, ile mashini haimusaidie," mwalimu alisema. "Niliita Masika mara tatu. Hata benye sikubataka baligeuka. Yeye hapana."

Mama hakubishana. Alikunja kitenge chake kiunoni, akasema merci, tukaenda. Usiku ule alitoa sanduku dogo la bati na kuanza kupanga nguo zangu, na mimi nikaona kwamba nilikuwa sahihi: nimeshatolewa, jina kwanza, sasa mwili.

Mukaka, yaani nyanya yangu, mzaa mama, alikuja kutoka Mbau na lori la baba ili aniage. Alikuja na ndizi, mafuta, na miguu yake iliyovimba, akakaa kwenye mkeka uani akinisuka nywele kuzunguka vifaa kwa uangalifu. Hakuna mtu nyumbani aliyemwita mukaka kwa jina lake. Alikuwa mukaka, basi. Jirani yetu mzee, aliyecheza naye utotoni, akasikia amefika. Akaingia mlangoni akiwa na fimbo yake, akamsalimia kwa Kinande, kwa sauti ya kupasuka:

"Wavukire, Masika."

Na mukaka akaitika.

Sikuweza kuvumilia tena. Soko sawa, motari sawa, lakini mukaka? Nilisimama na nywele nusu zimesukwa, nikamgeukia mama aliyekuwa akifua.

"Mama, juu ya nini ulipatia batu bote jina yangu? Hata mukaka?"

Walicheka. Jirani alicheka mpaka akashika ukuta, na mukaka akafuta macho kwa ncha ya kitenge, akaniambia kwamba jina hilo alikuwa nalo kabla mama yangu hajazaliwa, kwamba mtoto mwanamke wa kwanza ndiye Masika, na njo vile wanaitwaka huku. Mimi niliendelea kulia. Nikawaambia juu ya daftari la Beni, juu ya mama wa mawese, juu ya haiko weye. Mama hakuwa anacheka. Alikuwa ameacha mikono yake ndani ya beseni.

"Donc ulikuwa unasikia," alisema.

"Nilikuwa nasikia yote."

"Na mwalimu?"

"Na mwalimu."

"Juu ya nini haukugeuka?"

"Haukunitupia haragi."

Mama alitoa mikono majini, akajifunika uso nayo ikiwa bado na povu. Mabega yake yalitikisika, na sikujua kama ni kicheko au kilio. Hata leo sijui, na nilikosa kumuuliza, na sasa nimechelewa. Mukaka alinivuta nikae, akamalizia nywele kana kwamba hakuna lililotokea. Alipofunga uzi wa mwisho alisema neno ambalo nimetembea nalo.

"Hapana sikiliza jina. Jina ni ya batu bote. Sikiliza mwenye anakuita."

Kusema ni rahisi. Kesho yake mukaka, na miguu yake ile, alikuja sokoni, akaniketisha juu ya gunia katikati ya njia, mgongo ukielekea meza ya mama. Kazi yangu ilikuwa kukaa. Masika wote wa Butembo waitwe, nisigeuke. Mama akiita, nigeuke. Nikikosa, napigwa punje moja, ili nijue kwamba yule aliyeita alikuwa yeye. Mtaalamu wa Beni asingependa, lakini hakuwepo.

Siku ya kwanza nililowa maharagi. Yalinigonga mgongoni, yakaingia kolani, mbuzi wa watu wakaja kuyaokota. Sauti zote zilikuwa ukuta mmoja na sikuona mlango. Siku ya pili niligeukia kila kitu, hadi redio. Sikumbuki ilikuwa siku ya ngapi nilipogundua kwamba mama, kwa ajili ya vumbi la maharagi, alikuwa na kikohozi kidogo kabla ya kusema neno lolote. Hm, halafu Masika. Wa mawese hakuwa nacho. Wa viazi hakuwa nacho. Nikaacha kungoja jina, nikaanza kungoja hm. Nilipogeuka kwa mara ya kwanza kwa wakati wake, mama alikuwa na punje tayari mkononi, mkono umeinuliwa, na tulitazamana hivyo. Aliitia punje mfukoni mwa koti lake.

Mama alikwenda kwa mwalimu akamweleza yote, pamoja na daftari la Beni. Nilitegemea mwalimu aone aibu. Badala yake alijishika kichwa.

"Mama, mimi pia niko kiziwi mu hii muji," alisema. "Siku ya kwanza nilisoma liste ya darasa, nikafikiri baba mumoja alizaa nusu ya batoto."

Alinihamishia benchi la mbele, mbali na dirisha la mbabula, akakubali kungoja mpaka mwisho wa muhula. Jaribio la pili lilikuja wakati mafundi wakiwa wamepandisha kazi, bati juu ya bati. Alisimama nyuma. Mara ya kwanza nilimkosa kabisa. Mara ya pili nilimpata, kwa sababu nilikuwa nimeshajifunza kwamba yeye huburuta kiatu kabla ya kuita. Mara ya tatu niligeuka kwa kuwa mwenzangu wa benchi alinipiga kiwiko. Mwalimu alikiona kile kiwiko. Nilimwona akikiona. Akaenda mezani kwake akaandika kwamba nibaki, na sanduku la bati likarudi chini ya kitanda na kuwekwa vitunguu.

Sikuwahi kuwa msikivu wa ajabu. Mpaka leo, kwenye harusi, narudi nyumbani na kichwa kinachovuma, na wanangu wanajua kuzima redio kabla ya kuniambia jambo. Vifaa nimebadilisha mara kadhaa. Lakini kwa miaka yote hiyo nimepita katikati ya soko la Butembo nikiitwa kila hatua na sijageuka. Watu wengine wanasema nina kiburi. Nilikuwa nasikiliza mwenye kuniita, basi, na mwenye kuniita alikuwa kwenye meza yake, mwenye koti, mwenye hm.

Sasa nirudi kwenye magunia. Nilipomaliza kulia niliosha uso, nikavaa koti lake kwa sababu asubuhi ya Butembo ina baridi, nikaanza kuuza. Mfukoni mlikuwa na punje tatu, zimekuwa laini kwa kushikwashikwa. Upande wa mawese mtu akasema Masika, nikageuka. Kwenye viazi wakasema Masika, nikageuka. Motari, mwenye samaki, mtoto fulani aliyepotezana na dada yake, wote niliwageukia mmoja mmoja, mimi mwenye nywele zinazoanza mvi, na wote walikuwa wakimtaka mwingine. Mteja mmoja ambaye hakuwa na habari za msiba alifika akaita Mama Masika, nami nikaangalia nyuma yangu kumtafuta.

Mchana wateja walipopungua nilisogeza gunia katikati ya njia, pale pale mukaka alipoliweka. Nikaketi juu yake, nikaipa meza ya mama mgongo, nikangoja.